Mwanangu, kabla hujaamua kuhusu goita

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Nimesoma majibu ya vipimo uliyonitumia. Sasa najua kwa nini moyo wako ulikuwa unakwenda mbio, na kwa nini juzi kikombe kilikuwa kikigonga kisahani mkononi mwako. Hiyo goita yako ni ugonjwa wa Graves: tezi ya shingo imevimba na inamwaga homoni kupita kiasi. Unatibika, mama.

Kati ya njia tatu alizokutajia daktari, anza na vidonge vya kabimazoli, vinavyopunguza homoni hizo. Kwa kawaida hunywewa miezi 12 hadi 18, na kwa wagonjwa karibu nusu ugonjwa hurudi wakishaacha. Usiviache eti kwa sababu moyo umetulia. Ila ukipata homa, koo likauma au vidonda vikatoka mdomoni, sitisha siku hiyohiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Ni wachache dawa hii huwashushia chembe hizo, lakini ikitokea ni hatari. Mtu asikwambie ni mafua tu.

Mnataka mtoto, nalo ndilo la kupima kuliko yote. Kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mwambie daktari kabla hujashika mimba. Ipo dawa nyingine, PTU, ambayo hutumika kipindi hicho.

Ayodini ya mionzi, ile inayounguza tezi kwa ndani na kutolewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, humezwa tu, lakini ukishaimeza itakubidi usubiri angalau miezi 6 ndipo ubebe mimba. Tena macho yako yameanza kutokeza, na mionzi inaweza kuyazidisha. Kwa sasa siioni kuwa njia yako.

Homoni zikishatulia, uliza kuhusu upasuaji. Mimi nilifanyiwa. Tafuta daktari anayeufanya mara kwa mara, maana mshipa wa fahamu wa sauti umepita nyuma ya tezi, na tezi ndogo zinazolinda kalsiamu ziko hapohapo. Ukitolewa tezi yote, utameza levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, maisha yako yote. Mimi nameza alfajiri kwa maji, chai nanywa baada ya nusu saa. Nimeshazoea kabisa.

Shangazi yako anataka kukutumia unga wa mwani. Mshukuru, lakini usiutumie. Una ayodini nyingi, nayo inaweza kuichochea hiyo tezi.

Nijulishe siku ya kliniki nije tuingie pamoja.

Mama yako