Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Peugeot za Zamani, Dodoma

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, na nawashukuru ninyi 11 mliofika. Mwaliko ulikwenda kwa wanachama wote 31. Tulitangaza saa tatu, sasa inakaribia saa tano, basi tuendelee na waliopo.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tulikwenda Kondoa mpaka Kolo kuona michoro ya miambani, na magari yote yalirudi yakijiendesha isipokuwa moja. Agosti tulipanga magari Nzuguni wakati wa Nanenane. Tulimzika mwenzetu Mpwapwa na rambirambi ikafika. Stika za usalama barabarani wengi mlipata. Waliokosa wanajua hali ya breki zao.

Sasa niingie kwenye gari la Manyoni, maana najua hata hao wachache limewaleta hilo.

Imesemwa kuwa mwenyekiti amenunua mkweche kwa fedha za chama bila idhini. Nieleze ilivyokuwa. Mwezi Machi nilipata habari kwamba kuna Peugeot 504 steshen wagoni iliyolala miaka mingi nyuma ya nyumba moja Manyoni, imeshapata mnunuzi wa vyuma chakavu, na Jumatatu inakatwa kwa gesi. Nikaitisha mkutano wa dharura Jumamosi. Katiba inataka nusu ya wanachama. Tulikuwa saba, na mmoja wetu alikuja kuazima jeki. Kwenye kundi la WhatsApp, vidole gumba vilijaa. Kidole gumba si akidi, ndugu zangu. Mlitaka nimwambie mwenye mtungi wa gesi asubiri mpaka mpate nafasi? Nilizungumza na katibu na mweka hazina, tukakubaliana, nikaondoka usiku uleule kwa mafuta yangu, ambayo mpaka leo sijayadai.

Hoja ya pili imetoka kwa watu wanaojua magari, kwa hiyo naiheshimu. Wanasema wengi wenu mna 504 za buti, na steshen haifanani nazo nyuma, kwa hiyo spea zake haziwafai. Ni kweli. Kwenye gari la buti kila gurudumu la nyuma linacheza peke yake. Steshen ina ekseli nzima na springi mbili kila upande, ndiyo maana ilibeba safu tatu za abiria na mizigo juu. Lakini gari si nyuma tu, jamani. Injini, giaboksi, stelingi, rejeta na kioo cha mbele vinaingiliana. Na feni! Nani hapa hajateswa na feni ya Peugeot? Inashikwa na sumaku ya umeme: injini ikipata joto inavuta, ikipoa inaachia. Kaboni zinazoipelekea sumaku umeme zikiisha, feni inajizungukia bila nguvu, na wewe unachemsha katikati ya mlima Sekenke. Feni ya gari la Manyoni ilikuwa nzima, na hivi sasa inafanya kazi kwenye gari la mmoja wenu. Tena injini hizi slivu zake, yale mapipa ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomolewa, huna haja ya kuchonga bloku. Seti ya slivu na pistoni imekwenda kwa mwanachama wa Kibaigwa ambaye moshi wake ulikuwa unatangulia kufika. Ndiye pia aliyeandika ujumbe mrefu kuliko wote wa kunilaumu.

Wanaosema spea zipo wanakumbuka enzi zile. Ufaransa iliacha kuunda 504 za abiria mwaka 1983. Kenya iliendelea kuziunganisha mpaka miaka ya 2000, na spea tulikuwa tunaagiza Nairobi. Leo, kwa gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, ukiulizia gasketi ya hedi hapa mjini unaulizwa kwanza kama si ya Toyota.

Hoja ya tatu sikupenda kuijibu. Kwamba kwa kuwa naendesha steshen, nimejinunulia gari kwa mfuko wa chama. Springi za nyuma nilichukua mimi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuzifunga. Nimelipia, risiti anayo mweka hazina. Kiti cha safu ya tatu kipo sebuleni kwangu kwa kuwa shambani kuna panya. Na shamba ambako gari limehifadhiwa, kule Veyula, ni langu. Chama hakijalipa kodi hata shilingi.

Mahesabu ni haya. Tulianza na 1,640,000, ada 720,000, mauzo ya spea kwa wanachama 415,000. Gari 1,100,000 na kulibeba 350,000, rambirambi 200,000, Nanenane 150,000. Baki ni shilingi 975,000.

Mmesikia ada ni 720,000. Maana yake waliolipa ni 12. Shilingi 60,000 kwa mwaka mzima ni chini ya nusu tangi ya 504, lakini tangi linapatiwa fedha na ada haipatiwi. Wanachama 19 wanadaiwa jumla ya 1,140,000, na baadhi yao ndio waliouliza kwa sauti kubwa fedha za chama zimekwenda wapi. Mimi nililipa Januari.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia safari ndefu zaidi, labda Singida, na kupata banda la kudumu. Pia tutazame namna ya kuwavuta vijana. Kamati italifanyia kazi.

Kabla ya chakula, jambo moja. Kabureta ya gari la Manyoni ilikuwepo siku tunalishusha, sasa haipo. Simtaji mtu. Airudishe kwa mweka hazina au ailipie, na kama ameshaifunga, basi aje na gari.

Mwenyekiti,
Dodoma