Mtori Umehamia Dodoma

Rau, Moshi
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walioko hapo Arusha. Juzi uliniuliza kwa simu ninaishije tangu shemeji yako asafiri, nami nikakujibu kwamba ni salama tu, jibu ambalo ulilicheka kabla hatujaagana. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa habari ya tumbo ni ndefu, na wewe uliyeishi peke yako miaka yote ambayo mkeo amekuwa akifanya kazi Dar es Salaam ndiwe mtu pekee ninayeweza kumweleza bila kuona haya.

Kama unavyofahamu, binti yetu alijifungua huko Dodoma, na mama yake akaondoka siku ya tatu yake akiwa na begi moja la nguo na mikungu miwili ya ndizi mshare, ambayo utingo aliipakia kwenye buti la basi huku akinung'unika kwamba tunahamisha shamba. Unajua desturi yetu: mzazi hulishwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka apate nguvu na maziwa yatoke ya kutosha, na ndizi za kuupikia, kwa imani ya mke wangu, ni za kihamba chetu tu, shamba hili la nyumbani, hata kama sokoni Dodoma zimejaa. Kwa hiyo mtori uliokuwa ukipikwa katika nyumba hii karibu kila Jumapili umehamia Dodoma pamoja na mpishi wake, nami nimebaki na migomba iliyozunguka nyumba, sufuria kubwa saba, na jiko la gesi ambalo, nikisema kweli, nilikuwa nalijua kwa kuchemshia chai.

Wiki ya kwanza haina la kusimuliwa, kwani majirani waliniletea chakula mpaka nikawa narudisha vyombo viwili kwa wakati mmoja. Wiki ya pili vyombo vilikoma, kama ilivyo haki, na hapo ndipo nilipoanza kushindia maandazi na kulalia chai. Jioni nyingine nilitembea hadi kwenye kibanda cha chipsi kilichoko barabarani, nikanunua chipsi mayai, nikala nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa pale na vijana wa bodaboda kulinifanya nijione kama baba aliyefukuzwa nyumbani. Wewe unajua kwamba nina presha, na kwamba kliniki huniambia kila mara nisizidishe chumvi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai kwa milo yote. Yule kijana hupima chumvi kwa kiganja. Nilipomwomba apunguze, alinitazama kwa huruma, akapunguza, kisha akaniongezea tomato.

Basi nikaamua kupika mwenyewe. Siku ya kwanza nilipika wali wa mchele wa Mabogini, na kosa langu halikuwa la moto wala la maji, bali la mkono: nilipima mchele kama nilivyomwona mke wangu akipima miaka yote, yaani wa watu saba, pamoja na mgeni mmoja ambaye huenda akatokea. Nilikula usiku ule, asubuhi nikala kiporo, mchana nikala tena, na sufuria ikawa bado imesimama juu ya jiko ikinitazama. Siku ya tatu tumbo liliniamsha saa tisa za usiku, na sikulala tena hadi kulipokucha. Jirani yetu muuguzi alinieleza kwamba wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na ukiachwa sufuriani penye joto la kawaida huzaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka ufuke moshi. Alisema wali uliobaki utandazwe upoe upesi, uingizwe kwenye friji mapema, na uliwe kesho yake, usipitilize. Nilimsikiliza kwa unyenyekevu, nikijua kwamba friji ilikuwa hatua nne kutoka kwenye lile jiko.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba njaa yenyewe imepoteza saa zake. Kwa miaka 34 nilidhani kwamba nasikia njaa saa saba mchana na saa mbili usiku, kumbe nilikuwa nasikia sauti ya mwiko na mlio wa vitunguu vikiingia kwenye mafuta. Sasa hakuna sauti, na mimi hukumbuka kula pale mikono inapoanza kutetemeka. Tena nikila, nakula jikoni, kijiko kikiingia moja kwa moja katika sufuria, mezani hakuna sahani wala jagi la maji. Hakuna aliyenikataza kuandaa meza. Ila kila nikitoa sahani moja kabatini, naona kama naigiza.

Na kila siku saa mbili usiku simu inalia. Shemeji yako haniulizi kama nimekula, kwa kuwa anajua kwamba nitajibu ndiyo na habari itaishia hapo. Huniuliza nimekula nini. Mwanzoni nilimjibu kwa ukweli, akawa anasononeka, na mzazi naye akisikia anasononeka, ndipo nikaanza kumwambia nimekula ugali na mnavu, au ndizi na maharage. Alikubali kwa siku kadhaa. Kisha akaniuliza, kwa upole mkubwa, ule mnavu niliuchuma upande gani wa bustani. Nikasema upande wa kisimani. Akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba upande ule aliung'oa wote kabla ya kusafiri, akapanda vitunguu. Ungekuwapo ungecheka mpaka machozi, maana mimi nilibaki nimeshika simu kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu mfukoni.

Tangu usiku ule tumekubaliana kwamba anifundishe mtori kwa simu. Jumamosi nilikata mkungu, nikakaa kibarazani na kisu, nikiwa bado nimevaa shati jeupe nililotoka nalo kwenye kikao cha kanisa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nilivue. Utomvu wa ndizi, ndugu yangu, haufutiki. Shati lile sasa lina madoa ya rangi ya kutu kuanzia kifuani hadi mkono wa kulia, na nimelificha chini ya kapu la nguo. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba mikono hupakwa mafuta kwanza, na kwamba ndizi ikishamenywa hutumbukizwa majini papo hapo ili isiwe nyeusi. Zangu zilikuwa nyeusi kama mkaa. Nyama ya mbavu niliichemsha peke yake mpaka ikalainika, nikaongeza ndizi, kitunguu na nyanya, nikafunika, nikasubiri. Kuponda ndiko kulikonishinda kidogo: mke wangu huponda ndizi kwa mwiko zikiwa za moto, akirudisha supu taratibu, na mtori wake humiminika kama uji mzito, lakini wangu ulikuwa na mabonge ambayo niliyatafuna kwa adabu. Hata hivyo nilitoa sahani, nikakaa mezani. Saa mbili ilipofika, nilimwambia kwamba nimekula mtori, naye akaniuliza mabonge yalikuwa makubwa kiasi gani.

Bado nina hofu moja, nayo ni mtungi wa gesi. Ule wa kilo 15 hutudumu takriban miezi miwili, na sasa tuko wiki ya sita tangu aondoke, lakini ukiuinua bado una uzito unaotia aibu. Najua kwamba akifika atauinua kabla hajavua kitenge cha safari. Nimekuwa nikiloweka maharage kila jioni tangu juzi na kuyachemsha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, ili nipunguze ushahidi. Ikiwa unayo njia bora zaidi, niandikie mapema. Na uniambie pia wewe hupima mchele kiasi gani unapopikia mtu mmoja, kwa sababu kikombe kimoja naona ni kingi na nusu kikombe hunifanya nijihurumie.

Anarudi Jumamosi ijayo, na basi lake litapita hapo Arusha alasiri. Ukipata nafasi, nenda stendi umpelekee chai na umsalimu kwa niaba yangu, ila tafadhali usimgusie habari ya wali, wala ya shati.

Ni mimi rafiki yako,
wa Rau