Lipiko kaingia mchezoni, mzee kanyamaza

Shikamoo Shangazi,

Najua umezoea barua za ndoa. Yangu ni ya watu watano na mkeka mmoja, ila usingizi ninaoukosa naona ni uleule.

Mimi ni Mmwera wa Nachingwea, kazi imenileta Mtwara mjini. Mwezi uliopita nilianzisha kundi la kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa masimulizi na dadu uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa asiyeujua: mmoja wetu, yaani mimi, anasimulia mahali na mikasa. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, na dadu inaamua kama kafaulu. Mhusika hupewa alama za nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwangu Chikongola, sahani ya ming'oko katikati. Dadu tunazo nne tu, za ludo. Ile ya pande ishirini hatuna, kwa hiyo tumeandika 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tunachomoa kwenye kopo la siagi. Jirani alikuja kuuliza kama tunacheza kamari. Siku hizi anabeba kigoda chake anakuja kutazama.

Ngome zenye theluji hatukuzitaka, nani kati yetu kaikanyaga theluji? Tukakubaliana kisa kianzie Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka aliopita yule msafiri Ibn Battuta, dhahabu ya Sofala inaingia bandarini. Na majini yawepo, maana Kilwa bila majini nani ataiamini. Hapo wote tulikuwa kitu kimoja.

Kosa ni langu. Niliwaambia kila mtu akaunde mhusika nyumbani kwake, aje naye. Nilidhani naokoa muda. Wakarudi na watu wanne wasioweza kupanda hata mtumbwi mmoja: nahodha aliyeapa hashuki nchi kavu, mganga wa bara anayeogopa maji, na wengine wawili wasiomwamini mtu. Shemeji yangu ndiye kaja na shujaa mwenye alama mbili za 18, ambayo dadu haiipiti. Kanuni ni kurusha dadu nne, unaitupa iliyo ndogo, unajumlisha tatu zilizobaki. Dadu nne zinaweza kuanguka kwa namna 1,296, na zinazokupa 18 ni 21 tu. Yeye aliziazima dadu zangu, akazipata mbili usiku, peke yake, shahidi hakuna. Haya. Ni kaka wa mke wangu, hilo nimelimeza.

Lisilomezeka ni la dada wa steshenari. Mhusika wake ni binti wa Kimakonde kutoka huko juu Newala. Utotoni alimfuata lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago, baada ya ngoma, akajificha nyuma ya nyumba, akamwona anavua kinyago. Alikuwa mjomba wake mwenyewe. Binti akafukuzwa kijijini, akateremka pwani na kile kinyago ndani ya kanga, na akizidiwa na maadui hukivaa. Shangazi, alipokuwa akisoma, hata kijana wetu wa bodaboda aliweka simu chini.

Mzee hakusema kitu mpaka akamaliza. Huyu mzee ni mwenyeji wa Newala, kapima korosho za chama cha ushirika miaka mingi mpaka kustaafu. Yule nahodha ni wake, na ndiye aliyekuwa anatuvunja mbavu kuliko wote. Akarudisha ng'oko yake kwenye sahani, akasema, "Mwanangu, hayo hayachezewi." Magharibi haijaadhiniwa, akaaga. Jumamosi iliyofuata alikuja, akachomoa karatasi alipoambiwa achomoe, basi.

Namwelewa nusu. Kwa mila yao, mbele ya wanawake na watoto ambao hawajaingia jando, lipiko si mtu, ni mzimu, na aliye ndani hatajwi. Mimi nimepita jando la kwetu, najua yapo maneno yanayobaki kulekule. Lakini ya Wamakonde si yangu kuyapimia mpaka.

Na dada naye nimemsikiliza. Mama yake ni Mmakonde. Anasema mapiko siku hizi yanachezwa kwenye sherehe za serikali, watu wanarekodi kwa simu, na vinyago wanauziwa watalii. "Nani asiyejua kuna mtu ndani?" Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo sina jibu lake: kisa chake ni cha msichana aliyeadhibiwa kwa kujua, sasa mimi nikimwambia achane karatasi, nitakuwa nani katika kisa hicho?

Nimefikiria kubuni kinyago kingine chenye jina jingine. Shemeji kacheka: mtu aliyekagua magunia maisha yake yote, utambadilishia lebo asijue? Nimefikiria pia tuanze upya, wote tukae mkekani siku moja, kila mhusika afungwe kwa mwenzake tangu mwanzo, huyu kamkopesha yule, yule kamwoa dada wa huyu. Alama zisirushwe, kila mtu apange mwenyewe zile za kudumu: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Na zile 18 zingekufa kimyakimya, sikatai kwamba nimeliwaza hilo. Ila dada si mtoto. Atajua moto umewashwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo nauliza. Msimulizi ana haki ya kumkatalia mtu mhusika aliyekwisha kumpenda? Na nianze kwa nani? Nikienda kwa mzee kwanza, dada ataona tumemjadili pembeni, wanaume watupu, mambo yaleyale ya kwenye kisa chake. Nikianza na dada, mzee ataona nimemletea majibu kabla hajaulizwa.

Jana usiku mzee kanitumia ujumbe wa simu, wa kwanza tangu siku ile: "Jahazi langu linapakia watu wangapi?" Sijui anauliza kweli au ananipima. Sijamjibu bado, na keshokutwa ni Jumamosi.

Msimulizi,
Chikongola, Mtwara