Njoo Tabora mapema, mwenzangu

Ipuli, Tabora
9 Novemba 2025

Mwenzangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi hatujambo. Embe zimeanza kuiva na watoto wa mtaa mzima wanashinda uani kwangu. Ujumbe wako niliupata Jumanne. Mapacha! Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikafika pale uliposema mama mkwe wako anataka ujifungulie hapohapo nyumbani Kaliua, kama alivyojifungua yeye wanawe wote saba. Hapo nikakaa chini.

Mama namheshimu. Ila mapacha mara nyingi huwahi kabla ya miezi tisa, na mimi nimezaa njiti mara mbili.

Yule wa kwanza unamkumbuka, ulikuja msibani. Hukuniuliza ilikuwaje, nami sijawahi kusimulia. Nilikuwa kijijini kwa mama, mimba ya miezi saba. Alilia, sauti nyembamba kama ya paka, lakini alilia. Wakamwogesha palepale, wakamfunga blanketi, wakamlaza peke yake kando ya jiko la mkaa. Usiku kucha nilikuwa nikimshika miguu, nayo ilikuwa ya baridi. Kunyonya hakuweza. Siku ya pili jioni akanyamaza. Wazee wakasema njiti haishi, nami nikaliamini neno hilo miaka minne.

Sasa huyu unayemwona kwenye picha akikimbiza kuku alizaliwa na gramu 1,350. Uchungu ulinianza nikiwa mjini, nikawahishwa hospitali, nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajatoka. Alipotoka hakulia kabisa. Mkunga alimkausha kwa kitambaa, akamsugua mgongo, wapi. Akachukua mfuko na kinyago chake, akambana puani na mdomoni, akaanza kumpulizia hewa, taratibu, huku akihesabu kwa sauti. Nikaona kifua kinapanda. Baadaye aliniambia wanaiita dakika ya dhahabu: ndani ya dakika moja mtoto awe anapumua mwenyewe au awe anasaidiwa. Dakika moja, mwenzangu. Kutoka kwenu hadi kituo chenye kifaa hicho ni dakika ngapi?

Halafu wakamleta kifuani kwangu. Nilidhani watamtia kwenye mashine ya joto, kumbe joto lenyewe lilikuwa mimi. Anakuwa uchi, ana nepi, kofia na soksi tu. Miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kisha kitenge kinakazwa juu yetu wote wawili. Kubeba huko ndiko wanakoita kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine. Nilikaa hivyo mchana na usiku, nalala nusu nimekaa. Kila baada ya saa tatu nakamua maziwa, nesi anayapitisha kwenye mpira mwembamba hadi tumboni mwake, mwanzoni hata kijiko cha chai hakijai. Njiti husahau kupumua. Wa kwangu alisahau mara mbili, nikamgusa wayo kama nilivyofundishwa, akavuta pumzi. Kule kijijini, nani angejua kwamba amesahau?

Na si bahati yangu tu. Watafiti walilipima jambo hili Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya gramu 1,800. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100; waliosubiri kwanza wapate nafuu, karibu 16. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatolewa 2021. Na hapa kwetu Tabora, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, wakunga wa vituo 30 walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mdoli, na vifo vya watoto wakati wa uchungu na mara baada ya kuzaliwa vikashuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000. Mikono iliyozoea, basi.

Ndiyo maana sikuambii tu "zalia kituoni". Penye kitanda cha kujifungulia si lazima pawe na chumba cha njiti, na kichanga akisafirishwa barabara ya mvua anafika amepoa. Safari salama kwake ni akiwa bado tumboni mwako. Kitaifa, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000 kati ya 2016 na 2022, lakini vya mwezi wa kwanza vilitoka 25 vikafika 24 tu. Nikiisoma namba hiyo namwona yule wangu kando ya jiko la mkaa.

Kwa hiyo njoo mwanzoni mwa Januari, miezi saba ikitimia. Panda treni, usihangaike na barabara. Chumba cha uani nimeshakifagia. Njoo na kadi ya kliniki, kofia nne ndogo, soksi, na vitenge vizito. Ukiona maji au damu kabla ya hapo, usisubiri kupambazuke.

Na mama mkwe naye umlete. Usibishane naye, mwambie nimemwita mimi. Mapacha wakiwa njiti watataka vifua viwili, na wewe unacho kimoja. Wa pili atafungwa kwake.

Nisalimie shemeji.

Wako,
Mama wa gramu 1,350