Barua kwa mwanangu: usipange nyumba chini ya kifusi

Mwanangu, mama,

Shangazi yako kaniambia tiketi ishatoka, mimi ndo baba na habari napewa na shangazi, haya tuyaache. Kupata kazi ya uuguzi Merthyr Tydfil si mchezo, hapa Tukuyu kila anayenisalimia namwambia. Ila kinachoninyima usingizi ni nyumba utakayopanga. Usipange chini ya kifusi.

Mabonde ya huko Wales ni ya makaa ya mawe, migodi imefungwa lakini kifusi walichotoa chini bado kipo juu ya vilima, kimeota majani, mgeni anadhani ni mlima wa Mungu. Viko zaidi ya 2,500. Na Aberfan ni jirani kabisa na hapo Merthyr. Tarehe 21 Oktoba 1966 asubuhi watoto wameshaingia madarasani, kifusi namba 7 kikashuka kama uji kikafunika shule, wakafa watu 144, watoto 116. Walikirundika juu ya chemchemi! Wanakijiji walishalalamika kwa barua, wapi, uchunguzi ukasema kosa ni la Bodi ya Taifa ya Makaa na hakuna aliyeshtakiwa, afu kuviondoa vifusi vilivyobaki zikachotwa pauni 150,000 kwenye michango waliyochangiwa wafiwa, zikaja kurudishwa 1997. Mimi nimefanya kazi mgodi wa makaa Kiwira, najua maji yakishaingia kwenye kifusi hayamjui mtu.

Usiniambie baba hayo ya zamani. Februari 2020 kifusi kimeporomoka Tylorstown, Novemba 2024 Cwmtillery watu wametolewa majumbani mwao, yote ni mvua. Serikali yao imeweka ramani ya vifusi hadharani, dalali akikupa nyumba icheki kwanza humo, vifusi vilivyopewa daraja C na D ndo vya kuogopa zaidi. Afu nenda kaione siku ya mvua, zunguka nyuma, ukikuta maji meusi yanatoka chini ya kilima, ufa mpya ukutani, mlango unakwama, ondoka, hata kodi iwe ndogo vipi, na nakujua unavyobana hela.

Siwasemi vibaya watu wa huko, wachimbaji wale ni wenzangu. Ukipata ofu nenda Big Pit kule Blaenavon, mgodi ulifungwa 1980 sasa ni makumbusho, wachimbaji wa zamani wanakushusha mita 90 hivi na helmeti na taa kichwani. Simu na saa ya betri unaacha juu sababu ya gesi. Ukiwa kule chini utajua baba yako alikuwa anashinda sehemu ya namna gani.

Bibi yako mguu umepungua kuvimba, dawa inaisha, niandikie jina lake vizuri. Bati za jikoni nimebadilisha. Mnunuzi wa parachichi kaja na bei ya matusi, sijamuuzia. Mdogo wako anaitaka laptopu yako, malizaneni wenyewe. Na kabla hujalipa dipoziti nitumie picha za hiyo nyumba wasap, za nyuma, sebule sina haja nayo.

Baba yako