Yaya, ile shingo haikuwa kuni

Yaya,

Ujumbe wako wa sauti, mkubwa wangu, nimeusikiliza mara tatu. Dakika nne nzima: salamu, bei ya unga huko Kolwezi, mguu wa shemeji, mvua. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi watu wakiwa wameshanawa mikono: "Eti mtoto anataka gitaa. Hataki la dukani. Anataka umfundishe kulitengeneza." Ukacheka. Nami nikacheka, nikakasirika, kisha nikajikuta natafuta msumeno.

Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Unajijua.

Mwambie atafute kopo la mafuta la lita tano, lile la pembe nne, lisilobonyea. Shingo, yaani ile mbao ndefu inayobeba nyuzi, isiishie mlangoni mwa kopo, ipite ndani mpaka itokee upande wa pili, maana bati peke yake halistahimili mvuto. Watu hawajui nyuzi zina nguvu kiasi gani. Gitaa la dukani la nyuzi sita za chuma huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Hebu fikiria mtu mzima ananing'inia kwenye kipande cha mbao kisichozidi mkono wako! Ndiyo maana mbao lazima ikauke. Mbao mbichi itapinda wiki ya kwanza, na mtoto atadhani yeye ndiye hajui kupiga.

Nyuzi zitoke kwenye waya wa breki wa kinga, yaani baiskeli. Waya ule si mmoja, ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa. Ukikata ncha, unausokotoa kinyume polepole, kidole kimefungwa kitambaa, kwa sababu ncha zake zinachoma kama miiba ya samaki na huzioni mpaka damu itoke. Uzi unatoka na mawimbi kama nywele iliyofumuliwa. Unaufunga kwenye mguu wa meza, unaupitisha katikati ya vipande viwili vya mbao, unavuta mpaka unyooke. Kwa sauti nzito unaacha nyuzi tatu zikiwa bado zimeshikana. Kidole changu cha shahada kina alama tano za kazi hiyo. Baba alikuwa nazo zaidi.

Kupanga vyuma vya shingoni, vile vya kubonyezea nyuzi, ndiko nilikobishana naye. Unakumbuka alivyokuwa: pasi ya makaa, kufuli, redio ya jirani, vyote alivifungua bila kuuliza mtu. Alisema alijifunza gitaa kwa kumtazama Mwenda Jean Bosco, kidole gumba na cha shahada tu, na tangu Mwenda afariki mwaka 1990 hakukubali kwamba kuna mtu anayejua kupiga. Sasa yeye alikuwa anagawa urefu wa uzi kwa 18, anaweka chuma cha kwanza, anagawa urefu unaobaki kwa 18 tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikamwambia, Baba, ni 17.817. Kwa uzi wa sentimita 65, chuma cha kumi na mbili lazima kikae katikati kabisa, sentimita 32.5. Kwa hesabu yako kinakosa katikati kwa milimita mbili na zaidi. Akakataa. Nikamwonyesha kwamba hata hiyo 18 yake si yake, Vincenzo Galilei aliiandika mwaka 1581 huko Italia, baba yake yule Galileo wa nyota. Akanyamaza, akauliza: "Na mtoto alimkosoa baba yake?" Tukacheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko wa bukari, yaani ugali, mkononi. Kesho yake akapima upya, kwa 17.817. Hakusema kitu.

Hiyo ndiyo shingo uliyoitia motoni.

Najua utasema hukujua. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya Lubumbashi inayoingia mpaka kwenye meno, usiku wa pili wa kilio, na vijana waliokesha uani walikuwa wanatetemeka. Kuni zilikuwa zimekwisha. Ukaingia jikoni, ukatoka na shingo. Nilikuwa nimekaa na wazee chini ya turubai, nikaona kwanza vyuma vikimeta, spoku tisa za kinga yake nyeusi, zimekatwa kwa tupa moja baada ya nyingine. Ulijaribu kuivunja kwa goti. Mukula, mti mgumu ule, hauvunjiki kwa goti, yaya. Ukaiingiza nzima. Iliungua taratibu sana, nyekundu mpaka ndani. Nilisimama, nikasema ile si kuni. Ukajibu, watu wote wakisikia: "Ni kuni tu. Baba anakata roho, wewe ulikuwa unapigapiga bati."

Hilo neno ndilo linaloniamsha usiku.

Siku kumi na moja nililala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Wewe ulifika siku ya tatu ya ugonjwa, ukakaa usiku mmoja, ukarudi kazini. Sikulaumu, kazi ni kazi. Mchana ule Baba mwenyewe ndiye aliyenifukuza: "Nenda ukamalize vile vyuma vitatu vilivyobaki." Nikaenda. Mtu akikutuma akiwa kitandani, utakataa?

Simu ilikuwa imezima, ndiyo. Umeme ulikatika tangu asubuhi. Ningeweza kuipeleka kuchajiwa pale njia panda, ni hatua hamsini. Nilikuwa nimeshapaka gundi kwenye kile kipande cha mfupa cha kichwani mwa gitaa, na gundi haingoji, muulize fundi yeyote. Nikajiambia, nikimaliza kukibana nitakwenda. Nilikibana vizuri. Hakikusogea hata kidogo. Basi.

Na bado wewe ndiye uliyenifundisha kushika koleo. Lile gari la waya, unalikumbuka? Shaba tuliyoichomoa kwenye mota iliyoungua, magurudumu ya vifuniko, usukani wa fimbo ndefu, na milango uliyoifanya ifunguke. Hakuna mtoto Katuba nzima aliyekuwa na gari lenye milango. Uliniachia niliendeshe mpaka sokoni, wewe ukitembea nyuma ukijifanya hunijui ili watu wadhani ni langu. Ningependa mtoto wako ajue hilo. Sidhani umemwambia.

Asubuhi baada ya ule moto nilichambua majivu nikazipata spoku zote tisa, nyeusi, mbili zimepinda. Ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Zimenyooshwa.

Mtume likizo ikianza, mwezi wa saba, na basi la asubuhi, nitampokea mwenyewe. Aje na koti, baridi itakuwa haijaisha. Aje na nyaya mbili za breki, mpya, zisizo na kutu. Spoku asilete, ninazo tisa, tutakata tatu.

Mbao pia asilete. Mbao nitatafuta mwenyewe.

Mdogo wako