Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya: Karatasi Ing'aayo na Kampuni Iliyoirudisha Tanurini

Ndugu wasomaji, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mnaosoma haya huku mikono imejaa kazi za sikukuu, pokeeni salamu zangu za Krismasi na heri za Mwaka Mpya. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha salama hadi mwisho wa mwaka, na tuwakumbuke wenzetu walioianza safari hii pamoja nasi lakini hawakujaliwa kuifikisha.

Msimu huu ni msimu wa kufunga na kufungua vitu, na katika pilikapilika zake kuna kitu kimoja kinachopita mikononi mwetu mara nyingi bila kutazamwa, nacho ni karatasi ya alumini inayofunikia chakula. Ukiichunguza, utaona upande mmoja unang'aa kama kioo na wa pili umefifia. Nimesikia mabishano makali kuhusu upande upi utazame chakula, na kila mbishi ana hakika na lake. Ukweli ni kwamba katika hatua ya mwisho kiwandani karatasi hiyo huwa nyembamba kiasi cha kukatika ikipita peke yake, kwa hiyo hupitishwa mbili mbili, zimelaliana, katikati ya magurudumu ya chuma yaliyosuguliwa sana: upande uliogusa chuma hung'aa, na upande uliogusa mwenzake hufifia. Pikieni upande wowote mpendao.

Kampuni iliyoifanya karatasi hiyo kuwa kitu cha kila siku katika majiko ya Marekani ni Reynolds Metals, na ni historia yake ninayotaka kuitumia kama zawadi yangu ya mwaka huu. Ilianza mwaka 1919 mjini Louisville, Kentucky, kwa jina la U.S. Foil Company. Mwanzilishi wake, Richard S. Reynolds, alikuwa mtoto wa kaka yake R. J. Reynolds, tajiri wa tumbaku, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi za metali, yaani risasi na bati, za kufungia sigara na peremende. Kwa maneno mengine, kampuni ilizaliwa ikitengeneza kitu ambacho uhai wake huisha mara tu mteja anapofungua pakiti. Mwaka 1924 iliinunua Eskimo Pie, kampuni ya aiskrimu iliyofungwa kwa karatasi ya aina hiyo hiyo, mwaka 1926 ikaanza kutumia alumini, na mwaka 1928 ikachukua jina la Reynolds Metals.

Alumini yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya kununua kwa mwingine. Wakati huo kampuni ya Alcoa ndiyo pekee iliyozalisha alumini mpya kutoka kwenye madini nchini Marekani, na mtu anayemtegemea mshindani wake kwa malighafi halali usingizi mzuri. Reynolds alitembelea Ulaya mwaka 1937, akaona jinsi Ujerumani ilivyokuwa ikikusanya metali hiyo ya kutengenezea ndege, akarudi na hofu ambayo wengi hawakuijali. Hatimaye aliweka viwanda vyake rehani, akapata mkopo kutoka shirika la serikali, akajenga kiwanda cha kuyeyushia huko Listerhill, Alabama, kilichotoa alumini yake ya kwanza mwaka 1941.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati, kwani palikuwa karibu na umeme wa mabwawa ya mto Tennessee. Kupata kilo moja ya alumini kutokana na unga mweupe uitwao alumina huhitaji umeme wa takriban kilowati-saa 13 hadi 15, na ndiyo sababu viwanda vya namna hii hufuata maji yaangukayo popote yalipo. Hata kiwanda cha Valco huko Tema, Ghana, kilichoanza kazi mwaka 1967 kwa umeme wa bwawa la Akosombo, kilikuwa na mkono wa Reynolds, iliyomiliki asilimia 10 huku Kaiser, kampuni nyingine ya Marekani, ikishika sehemu iliyobaki.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ndege hazikuhitaji tena metali yote ile, na kampuni, iliyokuwa imeongeza viwanda vilivyojengwa na serikali, ililazimika kuitafutia alumini yake kazi ya amani. Karatasi ya jikoni iliingia sokoni mwaka 1947 kwa jina la Reynolds Wrap. Yakafuata mengine mengi, hata nyambizi ya alumini, Aluminaut, iliyozinduliwa mwaka 1964 na kushiriki miaka miwili baadaye kulitafuta bomu la hidrojeni lililopotea baharini karibu na Palomares, Hispania. Lakini kilichobadilisha mambo kwa kweli ni kitu kidogo zaidi, yaani kopo la kinywaji la wakia 12 ambalo Reynolds ilianza kulitengeneza mwaka 1963.

Kopo hilo lilikuwa jepesi, halikushika kutu, na halikuhitaji kurudishwa dukani kama chupa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa lawama, kwa kuwa kisichohitaji kurudishwa hutupwa, na barabara na fukwe zilianza kung'aa kwa makopo. Kuanzia mwaka 1968 Reynolds ikawa miongoni mwa kampuni za mwanzo kununua makopo matupu kutoka kwa watu wa kawaida, kwa uzito, na kuyarudisha tanurini. Sidhani kwamba ilisukumwa na huruma peke yake, na wala siioni kuwa ni aibu. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha upya, kwa hiyo kila gunia la makopo lilikuwa pia gunia la umeme uliokwisha kulipiwa. Makopo hukatwakatwa, rangi yake huunguzwa, kisha vipande huyeyuka vikishafikia nyuzi 660 za Selsiasi. Karatasi ya jikoni ni ngumu zaidi kuokoa, kwa maana wembamba wake huifanya iungue kwa urahisi na kuwa takataka ya tanuri, na mafuta ya chakula huzidisha hasara hiyo.

Mwaka 2000 Reynolds ilinunuliwa na Alcoa, mshindani yule yule aliyemnyima mwanzilishi usingizi, na mwaka 2008 biashara ya karatasi ya jikoni ikauzwa kwa Rank Group ya New Zealand. Alcoa nayo ina kumbukumbu yake ya sikukuu, kwani alumini yake ya kwanza ilitoka mjini Pittsburgh mwaka 1888, Siku ya Shukrani ya Wamarekani yenyewe.

Basi, baada ya karamu, mkiweza, futeni mafuta kwenye karatasi zenu na mzikusanye ziwe tonge moja kubwa, maana tonge halipotei wala haliungui kirahisi kama kipande kimoja kimoja. Zile karatasi za zawadi zenye rangi ya fedha zikunjeni kwanza ngumini: ikibaki imekunjika, huenda ni alumini, na ikijifungua yenyewe, ni plastiki iliyopakwa mng'ao.

Salamu zangu za mwisho nazituma kwa watu ambao hawatakuwa mezani siku hiyo. Vyungu vya kuzalishia alumini havina likizo, kwani umeme ukikatika kwa saa chache tu vilivyomo huganda, na kuvifufua ni kazi ya muda mrefu na gharama kubwa. Kwa hiyo usiku wa mkesha, sisi tukiimba, watakuwapo wenye zamu wakitembea kati ya safu za vyungu vyenye joto la nyuzi zaidi ya 900, wakisikiliza mvumo wa umeme. Heri ya Krismasi kwenu, ndugu zetu, na chakula chenu kiwafikie kikiwa bado cha moto, kimefunikwa vizuri.